Ukurasa Usioonekana kwenye Menyu

Ninyi mliobaki kwenye ofisi ile ndogo kando ya dirisha la dawa mliniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikisimamia menyu na anwani za kurasa za tovuti yetu. Nimeketi kuandika mara nyingi, na mara nyingi nimeinuka kabla ya sentensi kuisha. Kustaafu hakujanifundisha kutulia. Chai ya asubuhi nainywa nimesimama. Natoka kuangalia mahindi, narudi, nashika simu, nafungua tovuti ya hospitali nione kama bado iko. Iko. Nafunga. Kikombe hakijapoa, nimeshaifungua tena. Mume wangu ananikumbusha kwamba siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, hamkunipa zamu.

Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuwa vichache, na sikumbuki kama kuna kimoja kilichonifundisha kitu.

Niliingia hospitalini Kitale kama mpiga chapa wa ofisi ya rekodi. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia, kwa hiyo nilikuja kazini na Kikuyu cha nyumbani, Kiswahili cha shule, na Kibukusu cha kusalimia tu. Hospitali ilipopata tovuti, mtu wa kuiandikia alitafutwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa napiga chapa bila kutazama vidole, ikaamuliwa kwamba naelewa mtandao. Sikuwa naelewa. Nilipelekwa kwa Barasa.

Barasa alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali zote mbili, kubwa ya Kitale na tawi la Bungoma. Alikuwa mtu wa Bokoli, mrefu, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata Januari. R na L kinywani mwake zilibadilishana viti zilivyotaka, na yeye mwenyewe alilicheka jambo hilo kabla mtu mwingine hajapata nafasi. Siku yangu ya kwanza alinivutia kiti mbele ya mashine yake akaniambia, "Mama Njeri, angaria hapa. Usiguse kwanza. Angaria tu."

Alinionyesha visanduku viwili vidogo vilivyo chini ya kila ukurasa, kimoja juu ya kingine. Cha kwanza kiliandikwa "Chapisha". Cha pili kiliandikwa "Onyesha kwenye menyu". Akaondoa tiki kwenye kile cha pili, kwenye ukurasa wa kliniki ya meno, kisha akafungua tovuti kama mgeni anavyoifungua. Jina la kliniki ya meno lilikuwa limetoweka pale juu kwenye orodha. Nikamwambia amefuta ukurasa. Aliandika anwani ya ukurasa ule kwa mkono, herufi kwa herufi, akabonyeza, na kliniki ya meno ikafunguka na saa zake za kazi zote.

"Umeona?" akasema. "Kuficha si kufuta. Jina limetoka kwa menyu, lakini mwenye anwani bado anaingia."

Nilitumia siku ile nzima kuandika anwani za kurasa kwa mkono. Aliona ni njia nzuri ya kufundisha. Mimi niliona ni adhabu, lakini hadi leo anwani zile ziko vidoleni mwangu. Alinifundisha pia kuufunga mkia wa anwani, yale maneno yanayofuata jina la tovuti, maana mfumo wetu wa zamani ulikuwa unachukua kichwa cha ukurasa na kukigeuza kuwa anwani. Ukirekebisha kichwa, anwani nayo inabadilika, na kila mtu aliyekuwa ameiandika mahali anabaki amesimama nje. Kwa hiyo kabla ya kugusa kichwa, funga anwani. Kama ni lazima ibadilike, weka ya zamani ielekeze kwenye mpya. Mengine yote ya kazi yetu unaweza kuyajua kwa kubahatisha, lakini hilo la anwani usilibahatishe.

Ukurasa ninaotaka kuwasimulia ulianzishwa na Rebeka, muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuwa mtu wa kukuacha kabla hujamfanyia alichokuja nacho. Shida yake ilikuwa wagonjwa wanaoletwa hospitalini bila jina: aliyegongwa barabarani akanyang'anywa simu na mkoba, mzee aliyepotea kutoka nyumbani na kusahau ni wapi, aliyezimia sokoni. Ndugu zao walikuwa wakizunguka vituo vya polisi na vyumba vya maiti huku mtu wao amelala kwetu, anakula uji. Rebeka alitaka ukurasa wa kuwaelezea watu hao ili atakayewatambua aje.

Msimamizi wa hospitali, Bwana Wafula, hakupendezwa. Alikuwa mtu mwangalifu, mwenye kusoma barua mara mbili kabla ya kuijibu. Alisema mgonjwa aliyepoteza fahamu hajampa mtu ruhusa ya kumtangaza, na kwamba watu wataufungua ukurasa ule kama wanavyofungua habari za ajali, kwa hamu ya kuona tu. Rebeka alisema wasipotangazwa hawatapatikana. Walibishana mbele yangu, kila mmoja akinitazama kana kwamba ni mimi nitakayepiga firimbi. Mwishowe tulikubaliana hivi: ukurasa uwepo, bila picha, na usionekane kwenye menyu. Anwani yake wapewe machifu, vituo vya polisi, makanisa, na redio inayosikika Bungoma hadi mlimani. Anayetafuta ndugu yake atapewa anwani. Anayepita tu hatauona.

Nikauita Mgonjwa Asiyejulikana. Anwani ikawa hayo maneno mawili na kistari katikati. Nikaifunga. Kwa miaka kadhaa ilifanya kazi yake kimya kimya. Mzee mmoja alichukuliwa na wanawe kutoka Naitiri baada ya mchungaji kusoma anwani ile kanisani. Fundi wa baiskeli alipatikana na mkewe. Wengine hawakupata mtu. Nilizoea kuufungua ukurasa ule kila asubuhi kabla ya kuvua sweta, na mchana, na kabla ya kwenda nyumbani. Rebeka aliona ni bidii. Kwa kweli ilikuwa ni kutotulia kwangu tu, ila kumepata kazi.

Kisha uongozi ukaamua tovuti ihamie mfumo mpya. Ule wa zamani ulikuwa umechakaa, hilo halina ubishi. Kazi ilipewa kampuni ya Nairobi, na mtu wetu pale alikuwa dada mmoja aitwaye Akinyi, mwepesi wa kujibu simu na mwenye adabu. Niliuliza kwenye mkutano kama kila ukurasa utahamishwa. Nikajibiwa kwamba kila kitu kilichomo kwenye tovuti kitahamishwa. Jibu lilinitosha, kwa sababu mimi nilijua tovuti ina nini. Aliyejibu alijua anachokiona.

Wiki ile ile ya kuhama, Nanjala aliletwa.

Hatukujua ni Nanjala. Tulijua ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyegongwa na bodaboda kwenye barabara ya soko la Kitale, akaachwa bila simu wala kitambulisho. Aliumia kichwa. Alipofungua macho upande wa kulia wa mwili haukumtii, na maneno hayakuja. Alikuwa na kovu refu la moto juu ya goti na kitenge cha buluu chenye maua. Hayo ndiyo yangeandikwa, na ningeyaandika kama nilivyoandika ya wengine, nikaenda kunywa chai. Lakini Rebeka alikuja ofisini mwenyewe, akafunga mlango, akabaki amesimama.

"Mama Njeri," akasema, "huyu mama ananyonyesha. Nimembadilisha nguo mara mbili tangu asubuhi, kifua kimelowa. Kuna mtoto mahali."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba niliandika nikiwa nimeinama juu ya kibodi bila kuketi. Tuliweka kovu, kitenge, na kwamba ni mama anayenyonyesha, kwa sababu Rebeka alisema hilo ndilo neno ambalo familia haitalikosa. Nikachapisha. Nikaufungua ukurasa kwa anwani yake, nikamwona pale. Nikapiga simu redioni, wakatangaza anwani tu, bila maelezo ya mgonjwa, jioni ile na asubuhi iliyofuata. Tukangoja.

Mimi kungoja sikujui. Nilikuwa nikitoka ofisini kwenda wodini, kutoka wodini kwenda getini, nikimwuliza askari kama kuna mtu ameulizia mgonjwa. Alikuwa ameanza kunijibu kabla sijafika. Wodini yule mama alikuwa amelala akiutazama mlango. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unafanya kitu juu ya shuka, unapapasa kando yake, unarudi kifuani, unapapasa tena. Rebeka alikuwa anamkamua maziwa yasimwumize. Yalikuwa yanapungua.

Hakuna aliyekuja. Kisha mchungaji yule wa Naitiri akanipigia, kwa upole, kuniuliza kama tumeuondoa ule ukurasa. Watu wake walikuwa wamesikia redio, wamejaribu kuufungua, na simu zao zinasema hakuna ukurasa kama huo. Nikamwambia upo, nautazama. Akasema yeye pia anatazama simu yake, na haupo.

Nilisimama katikati ya ofisi, simu sikioni. Halafu nikaenda wodini, nikachukua simu ya Rebeka, ambayo ilikuwa ya laini nyingine na haikupitia mtandao wa hospitali, nikaandika anwani. Hakuna ukurasa. Nikafungua mwanzo wa tovuti. Rangi zilikuwa tofauti. Ilikuwa ni tovuti mpya.

Nitaeleza kwa ufupi, maana litawapata na ninyi siku moja. Tovuti inapohamia seva nyingine, yaani mashine nyingine inayoibeba, si kila mtu anaiona mpya kwa wakati mmoja. Kompyuta zetu za ofisini zilikuwa bado zinaelekea seva ya zamani. Ukurasa nilikuwa nimeuweka kule, na kule nilikuwa nauona. Dunia nyingine yote ilikuwa inatazama seva mpya, ambako yule mama hakuwepo. Kwa hiyo msikague kazi yenu kwa mashine ya ofisi peke yake. Tokeni nje mkaikague kwa simu ya mtu mwingine.

Nikampigia Akinyi. Alisikiliza, akasema, "Mama, sisi tulifuata menyu. Kila kilichokuwa kwa menyu kimekuja."

"Huu haukuwa kwa menyu," nikamwambia. "Ulifichwa makusudi."

"Hakuna mtu alituambia kuna zilizofichwa."

Alikuwa anasema kweli. Mkataba ulizungumzia kurasa zilizo kwenye menyu, na mkataba uliandikiwa kule tawini Bungoma, kwenye ofisi ya manunuzi, na watu ambao hawakuwahi kuhitaji ukurasa ule. Akinyi akaniambia seva ya zamani ilikuwa imepangwa kuzimwa kabla ya wiki kwisha, na kwamba kuuvuta ukurasa si kazi kubwa, ila anahitaji ruhusa ya hospitali kuongeza kitu kisichokuwa kwenye orodha yake.

Nikavuka korido kwenda kwa Bwana Wafula. Nadhani nilianza kusema kabla ya kubisha hodi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kile nilichoogopa, kwamba huenda hii ndiyo nafasi ya kuuacha ukurasa ule ulale. Alikuwa ameshapata malalamiko ya familia moja ambayo mtu wao alisomwa mtandaoni na majirani.

"Hawa watu hawajatupa ruhusa, Mama Njeri," akasema. "Na wewe unajua kuficha si kufunga. Mwenye anwani anaingia."

Ilinichoma kusikia maneno ya Barasa yakitumiwa dhidi yangu. Nilichokuwa nacho ni yale niliyoyaona wodini, nikamwomba aje ayaone. Alikuja. Alisimama miguuni mwa kitanda, mikono nyuma, akautazama ule mkono ukipapasa shuka na kurudi kifuani. Tulipotoka kwenye korido aliniambia niandike ile ruhusa ataitia sahihi, kwa masharti yale yale: bila picha, na nje ya menyu.

Akinyi alifanya kazi ile mchana huo huo, mimi nikiwa kwenye simu nikimsomea maneno, yeye akinieleza mfumo mpya uko vipi. Visanduku vilikuwa vimehama. Cha kuficha kilikuwa ndani ya menyu yenyewe, si kwenye ukurasa, na anwani ilikuwa na mahali pake pa kuifunga. Tulipomaliza aliniuliza kama yule mama ana hali gani. Nikamwambia. Akaniomba nimpigie siku atakapopatikana, hata kama ni Jumapili.

Ukurasa ulifunguka kwenye simu ya Rebeka. Ulifunguka kwenye simu ya askari wa getini. Redio wakatangaza upya. Na bado hakuna aliyekuja. Hapo ndipo hali yangu ilipokuwa mbaya zaidi. Kabla ya hapo kulikuwa na kosa la kutafuta, sasa kila kitu kilikuwa sawa na kimya kilikuwa kile kile. Nilikosana na mume wangu kwa sababu ya chumvi. Kanisani nilikuwa na simu chini ya kitabu cha nyimbo.

Aliyefungua njia ni Barasa. Wakati huo alikuwa amehamia tawi la Bungoma moja kwa moja. Alinipigia akicheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mwenyewe.

"Nimesikia tangazo kwa redio," akasema. "Nikasema wacha nijaribu kama mtu wa kawaida. Nikaandika vire nimesikia. Hakuna ukurasa. Nikaandika tena. Hakuna. Si nikaangaria vizuri, bana. Nimeandika asiyejurikana. Kwa R."

Niliiandika kwa R pembeni ya daftari.

"Mama Njeri, huku ni Bungoma," akaendelea. "Tangazo ni ra mdomo. Mtu anaandika na sikio rake. Weka zote mbiri. Mtu akitafuta ndugu yake hiyo si mtihani wa Kiswahiri."

Nikaweka anwani ya R ielekeze kwenye ukurasa. Nikaweka na ya asiejulikana, kwa wanaoiacha Y nyumbani. Nikaweka bila kistari, na kwa kistari cha chini, na mgojwa bila N. Nikajaribu kila moja kwa mkono. Kwa mara ya kwanza tangu yule mama aletwe niliketi kitini hadi mgongo ukagusa.

Asubuhi iliyofuata simu ya ofisi ililia nikiwa bado na sweta. Mwanamke alikuwa anaongea haraka sana, Kiswahili na Kibukusu vikipishana, nikamwomba arudie. Aliitwa Nafula, wa Myanga. Dada yake Nanjala alikwenda Kitale kununua vitunguu vya kuuza na hakurudi. Walikuwa wametafuta Webuye, wametafuta Bungoma, wametafuta mochari. Kitale walifika kituo cha polisi wakaambiwa hakuna. Redio aliisikia tangu tangazo la kwanza.

"Nimegonga hiyo kitu tangu siku hiyo," akasema. "Inanikataa tu. Nikafikiria ni bandos zimeisha kwa simu. Nikaweka bandos. Inakataa. Leo imefunguka." Kisha sauti ikashuka. "Kovu ni ya jikoni. Tulikuwa wadogo. Ni mimi nilimwaga maji."

Nikamwuliza kuhusu mtoto. Akasema yuko hapa, analia, si unasikia.

Walifika mchana. Nafula alikuwa amembeba mtoto mgongoni, msichana wa miezi michache mwenye mashavu. Sikuingia nao hadi ndani. Nilibaki mlangoni mwa wodi pamoja na Bwana Wafula, ambaye alikuwa amepata kazi ya ghafla upande ule. Ningependa kuwaambia kwamba mtoto alirukia kifua cha mama yake. Hakurukia. Alikuwa ameshazoea uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe, na harufu ya wodi ilimtisha, akalia akamgeukia Nafula wa kila siku. Nanjala alifungua mdomo na hakuna neno lililotoka. Rebeka aliketi kitandani akamlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto wa mama, ule uliokuwa mzima, akaondoka mbali kidogo. Mtoto alilia hadi akachoka, kisha akalala hapo hapo. Nanjala hakuutikisa mkono ule hadi walipoleta chakula cha jioni.

Maziwa hayakurudi. Mguu ulirudi kidogo kidogo, kwa mazoezi, na alipotoka hospitalini alikuwa anatembea kwa kushikwa. Nikampigia Akinyi. Alilia kwenye simu, na mimi nikamwuliza swali kuhusu nakala za akiba ili tusilie wawili.

Maelezo ya Nanjala yalibaki kwenye ukurasa. Polisi waliomba yasitolewe hadi kesi ya yule wa bodaboda iishe, na hospitali ikakubali. Juu yake tuliandika "Amepatikana". Kesi iliburuta, kama kesi zinavyoburuta, ikaisha bila sisi kuarifiwa. Tovuti ilipata rangi nyingine. Rebeka alistaafu. Anwani zote zile, ya L na ya R, ziliendelea kufunguka.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi ya siku ya kliniki, askari aliniletea mgeni. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa vizuri, anavuta mguu wa kulia. Sikumtambua. Aliketi bila haraka, akaweka mkoba mapajani, akanitazama mdomo kama anayepanga maneno kwanza ndani.

"Mimi ni Nanjala," akasema. Kila neno lilikuja peke yake, limekamilika. "Wa Myanga."

Nilitaka kumkumbatia. Kitu usoni mwake kilinizuia. Nikamwuliza habari za mtoto, akasema yuko darasa la tatu, anapenda hesabu. Kisha akatoa simu mkobani akaiweka mezani kwangu. Ukurasa ulikuwa umefunguliwa. Kovu, kitenge, mama anayenyonyesha.

"Kuna mtu sokoni," akasema. "Tulikosana juu ya nafasi ya kuuzia. Akawasomea watu hii. Kwa sauti. Wakacheka juu ya maziwa." Alipumzika. "Nataka nitoke hapa."

Nikaanza kueleza: polisi, kesi, masharti. Nikajisikia nikieleza, nikaacha. Nikamwambia anisubiri kidogo, nikaenda kwa Bwana Wafula. Hakunikumbusha aliyosema miaka ile. Aliinuka, akaja ofisini kwangu, akamsalimu akiwa amesimama, akamwambia pole, mama, hili ni letu. Akaniambia nitoe, na kwamba kuanzia siku ile anayepatikana aondolewe siku anayopatikana, polisi wapewe nakala ya karatasi. Sheria hiyo mnayo ukutani. Imetoka pale.

Nanjala alitaka kuona kwa macho yake. Nikamgeuzia skrini. Nikamwonyesha kwamba siyafichi maelezo yake, nayafuta, na kwamba na nakala ya akiba tutaisafisha. Alifuata kidole changu kila kilipokwenda. Nilipomaliza alichukua simu yake akaupakia ukurasa upya. Kovu halikuwepo, wala kitenge, wala maziwa. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni kijana kuliko nilivyodhani.

Nilifikiri ataondoka. Alibaki akiitazama ile simu, kidole kikisogeza polepole. Wapo wengine pale, walikuwepo siku ile kama wanavyokuwepo siku zote. Akaanza kuwasoma, kwa sauti, kwa ile namna yake ya neno moja moja. Mwanamume, mzee, anaimba nyimbo za kanisa, hakumbuki kwao. Mwanamke, mjamzito, amekutwa stendi. Mwanamume, kidole gumba cha kushoto hakipo. Alisoma wote. Bwana Wafula alikuwa bado amesimama mlangoni, na wala yeye hakusogea.

Alipofika mwisho aliizima simu, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Hawa waache," akasema. "Mpaka mtu wao aje."